Goti la Mtumbwini

Nimestaafu. Filimbi nimeikabidhi, funguo za stoo ya michezo nimezikabidhi, na yule mbuzi wa jirani anayekula nyasi za uwanja nimemwacha kama nilivyomkuta, ingawa huenda huyu wa sasa ni kitukuu chake. Ninyi walimu vijana mlionirithi mmeniomba niwaandikie niliyojifunza kuhusu miili ya wanamichezo. Nimekubali, kwa sababu hapa nyumbani kwangu Kibiti hakuna anayenisikiliza tena nikisema "nyoosha mgongo". Mambo ya vyeo sitayagusa, maana navyo havikunigusa.

Nilifika hapa nikiwa binti mwembamba mwenye kitabu kinene. Chuoni nilifundishwa kwamba mfupa ni wenzo, kiungo ni egemeo na msuli ni kamba inayovuta, nikadhani nikishayajua hayo nimemaliza habari za binadamu. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akaniuliza nafundisha nini.

"Elimu ya michezo, Mwalimu."

"Nauliza somo, binti yangu."

Akanipa Baiolojia ya kidato cha kwanza, na hiyo michezo akaniambia nitaikuta uwanjani. Uwanja wenyewe ulikatwa katikati na njia ya kwenda sokoni. Siku yangu ya kwanza watoto walikuwa wamejipanga kwa mbio, wameinama, makalio yako hewani, wanasubiri filimbi, akapita mama mmoja na beseni la samaki kichwani. Akawasalimia mmoja mmoja, akauliza habari za wazazi wao, akasimulia na msiba uliotokea Chumbi. Mbio zikasubiri mpaka marehemu akazikwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Mkumba, mwalimu wa michezo niliyemkuta, mtu wa kijiji cha Mkongo, mwenye tumbo lililokuwa linatangulia kufika. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameupa uwanja mgongo, watoto wanakimbia nyuma yake. Nikajua amelala.

"Huyo aliyepita sasa hivi anatupa mguu mbele mno, anatua kisigino," alisema bila kugeuka. "Mwambie afupishe hatua, la sivyo magoti yatamdai."

Nikageuka, nikamwona mtoto anakimbia kama anayeshuka ngazi. Ilikuwa kweli tupu. Nikamwuliza amejuaje.

"Nasikiliza. Mguu wa mkimbiaji ukipiga kelele, unalalamika. Lakini mguu wa mbele wa mrusha mkuki ukinyamaza, ujue hapo hamna kitu."

Nusu ya kwanza niliielewa siku ile ile. Nusu ya pili ilinichukua karibu kazi yangu yote. Mara nyingine, na niseme haki, mzee alikuwa amelala kweli, na hilo nililijua kwa mkoromo. Lakini alikuwa na macho alipotaka kuyatumia. Alinikataza kumtazama mtoto mikono kwanza. "Mikono inajionyesha tu, kama bwana harusi," alisema. "Kazi inafanywa na nyonga." Tangu hapo kila anayepita mbele yangu namtazama nyonga kwanza, tabia iliyoniletea maneno barabarani zaidi ya mara moja.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kujitafutia. Mistari ya uwanja tulichora kwa majivu, kwa sababu chokaa iliyoletwa iliishia kupaka nyumba ya mtu kabla ya Idi, na nyumba ilipendeza sana. Mikuki ilikuwa mianzi. Kwenye kuruka juu tulitua kwenye lundo la pumba za mpunga kutoka mashine za Ikwiriri. Pumba ni godoro zuri sana kama huna ngozi. Watoto walirudi bwenini wanajikuna hadi alfajiri, matroni akaniandikia barua kali kuhusu upele. Lakini hakuna aliyevunjika shingo, na kitabu changu kinene hakikuwa na neno hata moja kuhusu pumba.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa kijana wa Nyamisati, mwepesi kama nini, ambaye kila akikimbia alihama njia yake na kumwingilia mwenzake wa kushoto. Kila wiki ugomvi. Tukamtazama mgongoni, tukaona bega la kulia limeshuka. Kumbe likizo hubeba boriti za mikoko pale gatini, na huzibeba kwa bega hilo hilo tangu utotoni, mwili wote umejipinda kulipisha gogo. Nikajiona daktari. Nikamwambia likizo ijayo abebe kwa bega la kushoto. Alirudi anahamia kulia. Mwalimu Mkumba alicheka hadi kiti cha plastiki kikavunjika mguu, na kutoka pale chini alipokuwa ameanguka akaniambia nimwambie kijana abadilishe bega kila mzigo. Akanyooka, na ugomvi ukaisha. Mzee alistaafu baadaye kidogo, kisha akafariki, Mungu amrehemu, na mimi nikabaki na uwanja na masikio.

Sasa nije kwa Hadija, aliyeninyima usingizi kwenye miaka yangu ya mwishomwisho. Kwao ni ndani ya delta, ng'ambo ya Nyamisati. Unafika gatini, unapanda mtumbwi, na unafika kwao maji yakitaka. Nilimwona mara ya kwanza siku tumbili walipovamia mahindi ya shule. Wenzake walikuwa wanapiga makelele. Yeye aliokota bonge la udongo, akalitupa, na tumbili mmoja aliyekaa mbali sana, ametulia anamenya hindi kama yuko kwake, likamkuta mgongoni. Sikumtazama tumbili. Nilikuwa namtazama yule mtoto nyonga.

Nikampa mkuki. Akarusha akiwa amesimama tu, bila kukimbia, mkuki ukaenda nikaogopa. Kumbe amekulia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo mnachokiona kwenye mashamba ya mpunga, anafukuza ndege kwa madongo tangu hajaota meno ya pili.

Mama yake alipokuja kumrudisha kutoka likizo nilimwomba ruhusa nimfundishe. Mama Hadija ni mfupi, mkavu, hacheki ovyo. Mumewe alifariki, na yeye bega lake limeharibika kwa kazi. Upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ulikuwa mikononi mwa Hadija. Kila likizo ndiye aliyesukuma mtumbwi kwenda shamba, na ndiye aliyepeleka kaa wa kuuza Nyamisati. Mama akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, mie nakuazima mtoto na mkono wake. Unirudishie vyote."

"Nitakurudishia, Mama Hadija."

"Maana watu wa siku hizi ukiwaazima jembe wanakurudishia mpini."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tukaanza, na taabu ikaanza. Ninyi wenyewe mnajua, nguvu ya mkuki haitoki mkononi. Inatoka ardhini, inapanda mguuni, nyongani, kifuani, begani, ndipo inafika kwenye kiganja. Unakuja na kasi, unauweka mguu wa mbele, unasimama kama mlango uliofungwa kwa kishindo, na ile kasi ikikosa pa kwenda inapanda juu kwenye mkuki. Mguu wa mbele ukilegea, kasi inamwagikia ardhini, na mkono unabaki kufanya kazi ya mwili mzima. Hadija alikuwa anakuja na mbio nzuri, anauweka mguu wa mbele, na goti linakunjika taratibu kama anakaa kwenye mkeka. Akikimbia alirusha karibu kuliko akisimama. Sijapata kuona kitu kama hicho.

"Kaza goti!" nilimwambia. Akakaza uso.

Nikampiga picha kwa simu, ile inayokwenda polepole, nikamwonyesha. Aliangalia goti lake linavyonywea, akashangaa kuliko mimi. "Madam, mbona mie nilijua nimelikaza?" Wenzake wakalipa jina, goti la mtumbwini, na ndipo nilipoanza kuona. Mtumbwini ukikaza mguu unapinduka. Dunguni ukikanyaga mbele kwa nguvu unatoka na kuangukia mpunga. Huyu mtoto tangu azaliwe hajawahi kusimama kwenye kitu anachokiamini. Kichwa chake kilikuwa kinajua uwanja wa Kibiti hautikisiki. Goti lilikuwa halijapata habari.

Kujua ugonjwa si kuponya. Nilijaribu kamba, nilijaribu matofali, nilijaribu kupiga kelele, ambayo ndiyo mbinu ya kwanza ya mwalimu na ya mwisho pia. Kiwiko kikaanza kumuuma, upande wa ndani, nikamsimamisha kurusha na kumpeleka hospitali. Daktari akasema apumzike. Shule ikafungwa, akaenda kwao. Siku chache baadaye simu yangu ikalia.

"Mwalimu," alisema Mama Hadija, "nimepokea mpini."

Mtoto alikuwa ameshindwa kusukuma. Mama mwenyewe ndiye aliyeshika upondo na bega lake bovu. Akaniambia hatarusha tena, na kama nataka tumbili watupiwe kitu niwatupie mwenyewe. Akakata simu. Niliumia, kwa sababu alikuwa na haki. Nilikuwa nimeahidi kitu ambacho hakikuwa changu.

Kesho yake nikawatumia ujumbe kwamba nakuja, nikapanda bodaboda hadi Nyamisati. Walikuja kunichukua wote wawili, mama kasimama nyuma na upondo, Hadija kakaa mbele mkono umefungwa kanga. Salamu zilikuwa fupi. Maji yalikuwa yanatoka, mtumbwi unagusa matope, na kila mama alipousukuma alikunja uso. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama Hadija, nipe nikusaidie."

"Umewahi?"

"Nafundisha mwili huu miaka yote. Ni mambo ya nyonga tu."

Hadija akaangalia pembeni. Alikuwa anajua kinachokuja, na hakusema, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa. Nikasimama, nikausimika upondo, nikasukuma kwa nyonga, kitaalamu kabisa. Mtumbwi ukaenda. Upondo ukanasa kwenye matope. Mtu wa kule angeuachia hapo hapo. Mimi niliung'ang'ania. Chombo kikapita chini yangu, mti ukasimama wima, na mimi niko juu yake kama nguo iliyoanikwa. Kwa kitambo kidogo nilikaa hewani nikiwatazama wanavyokwenda. Halafu ile kasi niliyokuwa nayo ikanibeba, ikanivurumisha mbele kwa kichwa, nikatua kwenye matope ya mikoko na baibui langu lote.

Mama Hadija, ambaye nilisema hacheki, alikaa chini akalia kwa kicheko. Mimi nikainuka, matope yako hadi kwenye meno, nikapiga kelele:

"Mguu wa mbele!"

"Umevunjika?" akauliza mama, kicheko kikakatika.

"Haujavunjika! Hadija, huo ndio mguu wa mbele! Chini kumesimama, juu kumerushwa! Umeona nilivyorushwa?"

"Nimeona, Madam," akasema Hadija kwa adabu kubwa. "Kila mtu ameona."

Nilikuwa nimemfundisha miezi kadhaa asimame kama mlango, na milango ya kwao ni pazia. Kumbe alikuwa na kitu kigumu kimoja katika maisha yake yote ambacho hakikunjiki wala hakitikisiki, na alikishika kila siku. Mguu wa mbele haukupaswa kuwa mtu aliyesimama mtumbwini. Ulipaswa kuwa upondo.

Nilioga kwa maji ya kisima, nikavalishwa kanga ya mwenyeji, tukala wali na kaa. Nikamweleza mama yote niliyoona, na kwamba mashindano ya mkoa yalikuwa yanakuja. Nikamwambia kiwiko kiliuma kwa sababu mkono ulibeba kazi ya mguu, na mguu ukifanya kazi yake mkono utapona na kudumu. Akanisikiliza, kisha akamgeukia mwanawe.

"Weye mwenyewe unasemaje?"

Hadija akajibu: "Ndege nawafukuza, mama, wanarudi. Kila siku wanarudi. Mkuki ukienda unakaa pale pale, na watu wazima wanakuja kupima."

Mama akasukuma sahani yake kando. "Haya. Mpaka hayo mashindano. Mkono ukiuma tena, hata kidogo, namchukua na sitazami uso wa mtu."

Shule ilipofunguliwa nilimpumzisha mkono mpaka kiwiko kikaacha kabisa kuuma. Nilimpa upondo badala ya mkuki. Akimbie, ausimike, apite, asiuachie. Uwanja mzima ukacheka kwamba Madam kaleta delta Kibiti, na yule mbuzi akaja kuangalia. Kisha nikauondoa upondo, nikamwambia pale ulipokuwa unausimika uweke mguu. Neno "kaza" nililifuta kabisa kinywani. Nilisema "simika" tu. Kwa siku nyingi goti liliendelea kunywea kwa mazoea. Halafu asubuhi moja nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu, nikasikia kishindo nyuma yangu, kizito, kimoja, nikajua kabla sijageuka. Nikamkumbuka Mwalimu Mkumba na nusu yake ya pili.

Mashindano yalikuwa mkoani. Wasichana wengine walikuwa na viatu vya misumari na makocha wenye suruali za mistari. Mmoja alikuwa na mabega kama mlango wa stoo. Hadija alikuwa na mimi. Zamu yake ilipokaribia, kilichonitisha hakikuwa kushindwa. Niliogopa kuuona ule mkono ukishikwa kiwikoni baada ya kurusha, na mtoto akikunja uso kama mama yake. Sikuweza kutazama. Nikageuka, nikaupa uwanja mgongo, nikakaa chini.

Nikasikia anakuja. Miguu myepesi, haina lawama. Kisha kishindo.

Watu wakaguna kwa pamoja, halafu wakacheka. Nikageuka. Mkuki ulikuwa umechomeka mbali, mbali hasa, na bendera nyekundu ya kosa imeinuliwa. Hadija mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi ng'ambo ya mstari. Hajawahi kurushwa hivyo na mguu wake, hakujua jinsi ya kusimama baada yake. Alianguka kama nilivyoanguka mimi, pungufu matope tu. Akainuka anajipangusa, akanitafuta kwa macho, na kabla hajacheka niliona anakunja mkono na kuukunjua, anaupima. Akatikisa kichwa kwamba hauumi. Nikalia pale pale, mbele ya makocha wenye suruali za mistari.

Aliporudia alianzia nyuma zaidi, mstari ukabaki salama. Hakushinda. Alikuwa wa pili, nyuma ya mwenye mabega ya mlango. Alipelekwa timu ya mkoa, na yaliyofuata huko mnayajua, cheti chake mnakiona ofisini kila mkienda kutafuta sukari.

Nilimrudisha kwao mwenyewe. Mama Hadija alikuwa anatungoja gatini Nyamisati. Hakuuliza habari za ushindi. Aliuchukua mkono wa mwanawe, akaukunja, akaunyoosha, akaugeuza, akabonyeza kiwiko upande wa ndani kwa dole gumba, na macho yake yote yalikuwa usoni kwa mtoto. Hadija hakukunja uso. Mama akampa upondo.

Tukaondoka. Mtoto kasimama nyuma, anasimika na kupita, anasimika na kupita, mtumbwi unateleza kama umepakwa mafuta. Nikataka kumwona nyonga vizuri, nikainuka.

"Mwalimu," akasema Mama Hadija, "kaa chini."

Nikakaa. Kisha akasema, akiwa anatazama mikoko:

"Ana mdogo wake, Mwanahamisi. Naye anatupa."

Nikamtazama nijue kama ananitania. Hakuwa anatania.

"Naye ana mikono miwili," akaongeza.

Nilimwambia tu kwamba nitarudisha jembe na mpini.

Sasa Mwanahamisi yuko kidato cha tatu, ndiye yule mrefu anayewacheka mkiteleza. Filimbi na funguo nilivikabidhi kwa kusaini. Hili halikuwa na mahali pa kusaini, kwa hiyo nimeliandika hapa. Mtazameni nyonga, sikilizeni mguu wa mbele, na siku mkiona anakishika kiwiko msimamisheni hata kama mko fainali. Mkono ule si mali ya shule. Nimeuazima, na mwenyewe huja kuukagua gatini.